Uzi: Kiingereza kina "tidal" moja tu, Kihispania kinataka tuchague kivumishi. Tunachaguaje?

Mleta mada

Ndugu wafasiri na wapenzi wa lugha, salaam.

Mada hii imenikaa kichwani tangu niliporudishiwa kazi yangu ikiwa na alama nyekundu kwenye ukurasa wa pili. Nilikuwa nimetafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kihispania mwongozo wa kuwafundisha wauguzi matumizi ya mashine ya kusaidia kupumua, na mahali palipoandikwa "tidal volume", yaani kiasi cha hewa cha kila pumzi ya kawaida, mimi niliweka "volumen mareal". Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemaliza makala ya jiolojia ambamo "mareal" ilinifaa kila mara, kwa hiyo mkono uliandika kabla akili haijauliza. Mhariri alilikata neno lile, akaandika juu yake "corriente", na pembeni akaniwekea swali moja fupi: bahari iko wapi hapa?

Swali hilo lilinionyesha kwamba nilikuwa nimefasiri neno huku jambo lenyewe nikiwa nimeliacha. Neno "tidal" linamwambia msomaji kwamba kitu fulani kina uhusiano na maji kujaa na kupwa, basi. Halisemi kama kitu hicho kiko mahali ambapo maji hujaa na kupwa, au kinaendeshwa na maji hayo, au kinatokana na mvutano uleule unaoyafanya maji yajae, au kinafanana nayo tu kwa tabia ya kuja na kurudi. Msomaji wa Kiingereza hulipata jibu kutoka kwenye nomino inayofuata, tena hulipata upesi hata asijue kwamba aliulizwa. Kihispania kinataka uhusiano huo uamuliwe kabla kivumishi hakijaandikwa, kwa sababu kila mmoja kati ya hiyo minne una neno lake.

Nieleze kwanza kwa nini neno hili huwanasa hata wafasiri wazoefu. Mzizi wake, "tide", ni wa Kijerumaniki, na hapo zamani ulimaanisha wakati. Ni ndugu wa "Zeit", neno ambalo Wajerumani hulitumia kwa wakati mpaka leo. Mwishoni mwa mzizi huo Waingereza wamebandika kiambishi "-al" chenye asili ya Kilatini, na hapo ndipo mtego ulipotegwa. Mfasiri aliyekwisha kuona "renal" ikibaki "renal", "viral" ikibaki "viral" na "lunar" ikibaki "lunar" hulitazama umbo la "tidal" akaamini kwamba nalo litavuka mpaka bila kubadilika. Kumbe ndani ya Kihispania hakuna mzizi wa kulishika neno hilo. Kilichopo ni "marea", yaani maji kujaa na kupwa, nomino iliyotoka kwenye Kifaransa "marée", na vivumishi vya haki vya maji hayo huanzia hapo.

Tuanze na uhusiano wa mahali, ambao ndio makao ya "mareal". Pale ambapo bahari hufunika na kufunua ardhi, Kihispania husema "llanura mareal" kwa uwanda wa tope unaozama maji yakijaa, na "zona intermareal" kwa ukanda ulio kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa. Sisi tunaosema Kiswahili tunalielewa eneo hili kwa haraka, kwa sababu neno letu "pwani" limebeba ndani yake kitenzi "kupwa". Mfano ulio wazi ni Bahari ya Wadden, kwenye pwani ya Uholanzi, Ujerumani na Denmark, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2009, sehemu ya Denmark ikaongezwa mwaka 2014. Mtu akiandika juu ya matope yale kwa Kihispania, "llanuras mareales" ndilo jina lake, wala halina mpinzani wa maana.

Uzuri wa "mareal" ni kwamba inazaa. Ukiweka kiambishi mbele yake unapata "submareal", yaani palipo chini ya kikomo cha maji kupwa, na "supramareal", palipo juu ya kikomo cha maji kujaa. Wataalamu wa pwani huzigawa pia fukwe kwa tofauti ya kina kati ya maji kujaa na maji kupwa: ikiwa chini ya mita 2 ni "micromareal", kati ya mita 2 na 4 ni "mesomareal", na zaidi ya mita 4 ni "macromareal". Jaribu kuyatengeneza maneno hayo kwa "de marea" uone yanavyokataa. Kumbuka pia kwamba hiki ni kivumishi cha uhusiano, si cha sifa, kwa hiyo hukaa baada ya nomino wala hakipimiki: Mhispania hasemi kwamba uwanda fulani ni "muy mareal", kama sisi tusivyosema kwamba kitu ni cha pwani sana.

Uhusiano wa pili ni wa kuendeshwa. Pale ambapo maji yakijaa na kupwa huzungusha mitambo na kutoa umeme, neno ni "mareomotriz". Kituo cha La Rance nchini Ufaransa, kilichofunguliwa mwaka 1966 kikiwa na uwezo wa megawati 240, huitwa "central mareomotriz", na ndivyo kinavyoitwa pia cha Sihwa, Korea Kusini, chenye megawati 254, kilichoanza kazi mwaka 2011. Neno hili limeungwa kwa "marea" na "motriz", yaani chenye kusukuma, kwa hiyo linataja chanzo cha nguvu waziwazi kuliko Kiingereza kinavyofanya.

Hapa kuna makosa mawili ninayokutana nayo mara kwa mara. La kwanza ni la sarufi: "motriz" ni umbo la kike, na kanuni haziliruhusu lifuate nomino ya kiume. "Energía mareomotriz" ni sawa kwa kuwa "energía" ni ya kike, na wingi wake huandikwa kwa "c", "centrales mareomotrices". Lakini pamoja na nomino ya kiume kama "sistema" au "proyecto" inatakiwa "mareomotor". La pili ni la maana. Katika bandari ya Mutriku, kwenye Nchi ya Basque kaskazini mwa Hispania, kuna kituo kilichofunguliwa mwaka 2011 chenye uwezo wa kilowati 296, na mara kadhaa nimeona kikiitwa cha "mareomotriz". Kituo kile kinaendeshwa na mawimbi, wala si na maji kujaa na kupwa. Kivumishi chake ni "undimotriz", na anayevichanganya viwili hivi amembadilishia msomaji mtambo.

Uhusiano wa tatu ndio ulionifundisha zaidi. Katika astronomia, kinachoitwa "tidal" mara nyingi hakina bahari kabisa. Io, mwezi wa sayari ya Mshtarii, hauna bahari ya maji, lakini una volkano nyingi zinazolipuka, ambazo chombo cha Voyager 1 kilizipiga picha mwaka 1979. Joto lake hutokana na mvutano wa Mshtarii, ambao huubana na kuulegeza mwezi ule kila unapozunguka, kwa sababu njia yake si duara kamili. Kihispania huita nguvu hizo "fuerzas de marea", na joto lenyewe "calentamiento de marea" au "calentamiento por mareas". Ukiandika "mareal" hapa hutafungwa jela, maana wapo wanaoandika hivyo, ila neno hilo linanuka chumvi na tope. Muundo wa "de marea" unataja kanuni ya mvutano peke yake na kuiacha pwani nje, nami ndio ninaouchagua.

Wa nne ni wa kufananisha, ndio ule wa mapafu, na ndio ninaotaka tuujadili. Ni "volumen corriente": kiasi cha hewa kinachoingia na kutoka katika kila pumzi ya kawaida, takriban mililita 500 kwa mtu mzima aliyetulia. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, asante kwa uzi uliopangwa vizuri. Nina pingamizi moja. Nimesomea tiba kwa Kihispania, na katika wodi za wagonjwa mahututi nilizopitia Amerika ya Kusini madaktari wenyewe walisema "volumen tidal" asubuhi hadi jioni, na wakaelewana. Ikiwa wenye lugha yao wamelikubali neno, sisi tuliojifunza ukubwani tuna mamlaka gani ya kulikataa? Pili, kama tatizo ni kulikimbia "tidal", kwa nini usiandike "volumen de marea" ukabaki na mpango wako wa "de marea" uleule?

Mleta mada

Ndugu yangu, pingamizi lako lina uzito, na sitaki kulipita juu juu.

Ni kweli kwamba "volumen tidal" linatumika, na mimi siwezi kumwambia daktari kwamba hajui lugha ya mama yake. Swali langu ni dogo kuliko hilo: mimi ninayekaa na maandishi, nikiwa na nafasi ya kuchagua, nimwandikie nini msomaji? Muuguzi mwanafunzi akikutana na "tidal" hana pa kulishika, kwa sababu hakuna neno jingine la Kihispania lenye mzizi huo. Itambidi alikariri kama jina la mtu. Akikutana na "corriente" anaona kitenzi "correr", anaona kitu kinachopita na kutiririka, na anaona pia maana ya pili ya neno hilo, yaani cha kawaida, cha kila siku. Hewa ya pumzi ya kawaida inayopita: maana zote mbili zinafaa, na neno linajieleza lenyewe kabla mwalimu hajafungua kinywa. Palipo na neno lililokomaa na linalojieleza, naona ni haki ya msomaji kupewa hilo. Kama mteja wangu ni hospitali ambayo mashine zake zote zimeandikwa "volumen tidal", hapo nitalitaja mara moja mwanzoni ili muuguzi asipotee, kisha nitaendelea na "corriente".

Kuhusu "volumen de marea", hapo ninakataa kabisa. Wahandisi wa pwani wana kipimo kiitwacho "prisma de marea", yaani ujazo wa maji yanayoingia kwenye mlango wa mto au ghuba kati ya maji kupwa na maji kujaa. Ukimpa mmoja wao "volumen de marea" atafikiria mita za ujazo za maji ya chumvi, na atakuwa amekuelewa kwa usahihi. Aliyekosea ni wewe uliyeandika. Nadhani sisi tunavutwa upande huo na a-unganifu yetu. Kwa Kiswahili tunasema "umeme wa maji kujaa na kupwa", "eneo la maji kujaa na kupwa", "nguvu za maji kujaa na kupwa", na hiyo "-a" inabeba chanzo, mahali na sababu bila kulalamika. Kwa hiyo "de" ya Kihispania inaonekana kama nyumbani, na tunaitumia hata pale ambapo lugha ile imeshajitengenezea kivumishi mahususi.

Niongeze jambo moja ambalo ni la usalama wa mgonjwa kabla halijawa la lugha. Katika Kihispania kifupi cha "volumen corriente" mara nyingi ni VC. Katika Kiingereza herufi hizohizo, VC, husimama badala ya kipimo kingine, ambacho Kihispania hukiita "capacidad vital" na kukifupisha CV: hewa yote ambayo mtu anaweza kuitoa baada ya kuvuta pumzi kwa ukamilifu, ambayo kwa mtu mzima hufika lita kadhaa. Moja ni nusu lita, nyingine ni mara nyingi ya hiyo. Kwa wagonjwa ambao mapafu yao yameumia vibaya, mashine huwekwa ijaze takriban mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kutokana na urefu na jinsia ya mgonjwa. Mtu anayesoma jedwali lenye VC mbili za lugha mbili hana nafasi ya kubahatisha. Tangu nilipoligundua hilo siachi kifupi chochote kwenye jedwali bila kukiandika kwa urefu chini yake.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kihispania. Naomba msaada kwa "spring tide". Nimeona mahali pameandikwa "marea de primavera", na kamusi yangu inathibitisha kwamba "spring" ni majira ya machipuko. Je, ni sahihi?

Mleta mada

Si sahihi, ndugu yangu, lakini nafurahi umeuliza, kwa sababu hapa Kiswahili kinakupa msaada ambao Kiingereza hakina.

"Spring" katika jina hilo haihusiani na majira. Imetoka kwenye maana ya kuruka na kububujika. Ni yale maji makubwa yanayokuja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wakati jua, mwezi na dunia vinapokaa kwenye mstari mmoja, na hutokea mwaka mzima. Sisi tunayaita bamvua. Kinyume chake, mwezi ukiwa nusu, maji hujaa kidogo na kupwa kidogo, nasi tunayaita maji mafu. Sasa sikiliza Kihispania: bamvua ni "mareas vivas", na maji mafu ni "mareas muertas", yaani yaliyo hai na yaliyokufa. Wavuvi wa pwani mbili zilizo mbali kabisa wameyatazama maji yaleyale na kuyaita mafu. Ukipitia Kiingereza hutaliona daraja hilo, maana neno lao la maji mafu, "neap", halimwambii kitu mtu wa leo.

Katika maandishi ya kitaalamu utakutana pia na "marea de sicigia" kwa bamvua na "marea de cuadratura" kwa maji mafu, yanayotaja mpangilio wa jua na mwezi. Kwa kitabu cha shule ningetumia "viva" na "muerta". Kwa ripoti ya vipimo vya bahari ningetumia haya ya pili.

Mchangiaji wa tatu

Na "tidal wave" na "tidal bore" je? Nimejaribu kuyaingiza katika mpango wako wa mahusiano manne, nikashindwa.

Mleta mada

Umeshindwa kwa haki, kwa sababu katika yote mawili kivumishi kinatoweka.

La kwanza, katika Kiingereza cha mitaani, ni jina la tsunami, na limepotoka tangu mwanzo: mawimbi yale husababishwa na tetemeko chini ya bahari, maporomoko au volkano, wala mwezi hauhusiki. Kihispania kina "maremoto", lililoundwa kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya bahari na mtikisiko, pamoja na "tsunami" lenyewe. Angalia tu usilisogeze "maremoto" karibu na "mareomotriz". Ile "o" ya katikati ndiyo inayoonyesha kwamba la pili limetoka kwenye "marea", na ndiyo sababu sipendi tahajia ya "maremotriz" ingawa wengi wanaiandika.

La pili ni ule ukuta wa maji unaopanda mto kinyume cha mkondo wakati wa bamvua, kama ule wa mto Amazon unaojulikana kwa jina la pororoca. Kihispania kina nomino kamili, "macareo", na anayeandika maneno matatu pale ambapo moja lipo amepoteza wino.

Mchangiaji wa kwanza

Nimekubali kuhusu jedwali la vifupi, na nitalibadilisha langu. Nikupe mtihani wa mwisho. Nina makala mbili mezani, na zote zina maneno "tidal energy". Ya kwanza inahusu bei ya umeme wa baharini. Ya pili inaeleza kwa nini mwezi unajitenga na dunia kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka. Kwa mpango wako, je, maneno hayo mawili yatafasiriwa vilevile?

Mleta mada

Hapana, na umechagua mfano ambao ningeutamani ningeuweka mwanzoni.

Katika makala ya kwanza ni "energía mareomotriz", bila shaka, kwa kuwa maji yanasukuma mtambo na mtambo unatoa umeme unaouzwa. Katika ya pili hakuna mtambo wala muuzaji. Msuguano wa maji yanayojaa na kupwa unapunguza kasi ya dunia kujizungusha, na mwendo unaopotea kwa dunia unahamia kwenye njia ya mwezi, ndiyo maana mwezi unasogea mbali. Ukiandika "mareomotriz" hapo, msomaji atatafuta bwawa. Mimi ningeandika "la energía de las mareas", kwa wingi na kwa kibainishi, kwa sababu zinazotajwa ni mareas zenyewe za bahari zote za dunia. Na kama sentensi inazungumzia kupotea kwake, "la energía disipada por las mareas". Niwekee hapa sentensi nzima ya Kiingereza ukipata nafasi, kwa sababu kitenzi chake huenda kikanilazimisha nibadili tena.